Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: tathmini ya seti ya vifaa vya mgeni wa mlima

Mtu akiombwa na rafiki au mdogo wake ampeleke mlimani kwa mara ya kwanza, swali linalofuata baada ya "tunaenda lini" huwa "ninunue nini". Jibu la haraka siku hizi ni seti: sanduku moja lililoandikwa kwamba ni la anayeanza, malipo mara moja, mgeni anavaa na safari inaanza. Ndani yake, kwa kawaida, kuna viatu, jozi ya fimbo, begi la mgongoni la lita 25, koti la mvua, taa ya kichwani, mfuko wa maji wenye mrija, blanketi la dharura la karatasi ya kung'aa, na filimbi. Nembo hutofautiana lakini vilivyomo vinafanana, kwa hiyo hapa tunaipima seti kama aina ya bidhaa. Hakuna kampuni tunayoipigia debe wala tunayoisema.

Kipimo chetu ni kimoja: kushuka. Saa mbili za kwanza za kupanda, karibu kiatu chochote ni kizuri na begi lolote ni jepesi. Mtu ana nguvu, mguu umekaa nyuma kwenye kisigino, jasho linamkumbusha apunguze mwendo. Wakati wa kushuka mambo yanageuka. Mguu unasukumwa mbele ndani ya kiatu kila hatua, na msuli wa paja unafanya kazi ya breki: unakaza huku ukivutwa. Kazi hiyo inamaliza msuli bila kumhemesha mtu. Mgeni anapumua vizuri, anaongea, anadhani yuko salama, mpaka goti linapoanza kutetemeka kwenye changarawe. Hapo ndipo kifaa kibovu kinapojianika.

Mlima tunaoufikiria hapa ni wa siku moja: njia ya km 10 kwenda na kurudi, kupanda mita 800, kilele kisichozidi mita 2,500. Juu ya hapo kichwa na kichefuchefu cha mwinuko vinaanza kuwa sehemu ya hesabu, na mgeni hana haja ya kufanya mitihani miwili siku moja.

Tuanze na viatu, kwa sababu hapo ndipo seti inapofeli vibaya zaidi.

Kosa la kwanza si la kiatu, ni la namna kinavyouzwa. Seti inachaguliwa kwa namba, na namba ya kiatu cha mjini haifai mlimani. Hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kiatu cha mlima kinajaribiwa jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo baada ya kutwa nzima, na soksi ileile itakayovaliwa safarini. Mgeni alegeze kamba zote, asukume mguu mbele hadi vidole viguse, kisha aingize kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikipita bila kulazimishwa, kuna nafasi ya kutosha, kama sentimita moja au moja na nusu. Kisha afunge kamba na ashuke ngazi, au ateremke ubao ulioinamishwa, akikanyaga kwa nguvu. Kidole gumba kikigonga mbele mara moja tu, kiatu hicho kirudi dukani. Dukani mgeni atasema "kinabana kidogo tu". Baada ya mita 800 za kushuka kidole hicho kimegonga maelfu ya mara, na ukucha unakuwa mweusi. Kucha zenyewe zikatwe siku tatu nne kabla, si usiku wa kuamkia safari, maana ukucha uliokatwa jana bado una ncha.

Soli ndiyo ya pili. Soli za mpira zenye meno zilianza na Vitale Bramani, Mwitaliano aliyewapoteza wenzake 6 milimani mwaka 1935. Miaka 2 baadaye akaleta soli iliyopewa jina linalotokana na lake, Vibram. Sasa kila kiatu cha seti kina meno, ila meno peke yake hayatoshi. Kandamiza mpira kwa ukucha. Ukibonyea kidogo na kurudi, utashika mwamba uliolowa. Ukiwa mgumu kama sahani ya plastiki, utateleza kwenye jiwe lenye unyevu hata kama umechongwa vizuri kiasi gani. Viatu vingi vya seti tulivyovishika viko upande wa pili. Angalia pia kisigino: kuwe na ngazi inayoonekana kati ya kisigino na unyayo, kwa kuwa ukingo huo ndio unaochimba udongo wakati wa kuteremka. Soli iliyonyooka kama ya kiatu cha kukimbilia barabarani haina breki hiyo.

Halafu kikamue. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, zungusha kama unakamua nguo. Kikijisokota kama tambara, mguu utafanya kazi ya kujisawazisha kwenye kila jiwe. Kikikataa kabisa, ni kiatu cha barafu, si cha mgeni. Kinatakiwa kugoma kidogo. Ukikikunja, kikunjike pale vidole vinapokunjikia, si katikati ya unyayo.

Shingo ndefu au fupi? Wauzaji wanasema ndefu inalinda kifundo cha mguu. Tunaona wanazidisha. Shingo ndefu inazuia kokoto kuingia na kulinda mfupa usigongwe na mawe, hilo kweli. Lakini kwa begi la kilo 5 au 6 kwenye njia iliyokanyagwa, kiatu kifupi chenye soli nzuri kinamfaa mgeni kuliko buti zito lisilomkaa. Kila gramu ya mguuni inanyanyuliwa kila hatua.

Na utando wa kuzuia maji? Ni baraka penye baridi na nyasi zenye umande. Penye joto, mguu unalowa kwa jasho la ndani, na maji yakishaingia kwa juu hayana pa kutokea. Mguu uliolowa ndio unaopata malengelenge, kwa hiyo kwa hali ya joto na ukavu tunapendelea kiatu cha wavu. Seti nyingi zinauza utando kama sifa bila kuuliza mnunuzi anaenda wapi.

Tahadhari moja kwa anayetaka kuepuka seti kwa kuazima: viatu vilivyokaa kabatini miaka kadhaa bila kuvaliwa vinaweza kuonekana vipya na kumbe vimekufa. Tabaka la kati la soli nyingi ni povu la poliuretani, na unyevu wa hewa unalivunjavunja polepole. Linapasuka siku ya kwanza linapobebeshwa uzito, na soli inabanduka nzima. Kabla ya kuazima, bonyeza povu hilo kwa kidole gumba pembeni. Likimomonyoka au likiwa na nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, shukuru na urudishe.

Soksi ndani ya seti ama hazimo ama ni za pamba. Pamba inanywa jasho, inakaa nalo, inajikunja. Nunua jozi mbili za sufu laini au za nyuzi za kutengenezwa, mgeni avae moja na ya pili aibebe ikiwa kavu.

Kabla ya kuanza kuteremka, simameni mfunge upya kamba. Hatua hii inachukua dakika 2 na inaokoa kucha. Kaa chini, legeza zote, gonga kisigino ardhini mara tatu ili mguu urudi nyuma. Kaza kamba juu ya unyayo, kisha pale mguu unapokunjikia, zungusha kamba mbili mara mbili badala ya moja kabla ya kuendelea. Fundo hilo halilegei, na linamshika mguu usiteleze mbele. Sehemu ya vidole iachwe iwe huru. Kwenye kiatu kifupi chenye tundu la ziada juu kabisa, pitisha kila kamba kwenye tundu la upande wake ili kiwe kitanzi kidogo, ingiza kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, vuta chini na funga. Kisigino kinanasa.

Mgeni akisema "kama kuna kitu kinaunguza", simama hapo hapo, si kwenye kivuli kinachofuata. Ngozi ikiwa nyekundu bado hujachelewa: kausha, bandika plasta ngumu ya kitambaa iliyokatwa pembe zake mviringo ili isibanduke, lainisha isibaki na mkunjo. Baada ya dakika 20 zaidi itakuwa lengelenge, na lengelenge halirudi nyuma. Wageni hawasemi. Wanaona aibu. Uliza mwenyewe kila baada ya nusu saa, na uulize kwa kutaja sehemu: kisigino, kidole kidogo, chini ya unyayo.

Kwa viatu, seti inapata 3 kati ya 10.

Fimbo zinatofautiana sana, na ndizo zinazostahili kupimwa kwa karibu. Mgeni anaziona kama mapambo ya wazee mpaka aanze kushuka. Zinahamishia sehemu ya uzito kwenye mikono, na muhimu zaidi, zinampa miguu minne penye changarawe.

Za kwenye seti mara nyingi ni za alumini, vipande vitatu vinavyoingiana, na kufuli la kuzungusha. Ndani ya kufuli hilo kuna kijiti cha plastiki kinachopanuka unapozungusha. Vumbi likiingia, au maji, plastiki inateleza, na fimbo inajifupisha yenyewe. Wakati wa kupanda utacheka. Wakati wa kushuka, mtu anaegemeza uzito wote kwenye fimbo iliyo mbele na chini yake. Ikiingia sentimita 10 ghafla, anaifuata kwa uso. Jaribio ni hili: weka urefu, kaza, chora mstari wa kalamu pale vipande vinapokutana, simamisha fimbo sakafuni na uiegemee kwa mikono miwili na uzito wote kwa sekunde 10. Mstari ukisogea, usiipeleke mlimani. Kufuli la kubana kwa klipu ya nje ni bora: unaliona limefungwa au halijafungwa, na likilegea kuna skrubu ndogo ya kukazia. Ikifungwa sawasawa, klipu inatakiwa ikuachie alama hafifu kiganjani. Usipake mafuta popote kwenye fimbo. Ukitoka mvuani zitenganishe vipande, futa, acha vikauke vyenyewe kabla ya kuviunganisha.

Alumini au kaboni? Kwa mgeni, alumini. Ikinaswa kati ya mawe inapinda na unaweza kuendelea nayo. Kaboni ni nyepesi lakini ikipata mkwaruzo wa pembeni inakatika bila taarifa.

Urefu: mtu akiwa amevaa viatu, ncha ikiwa chini, kiwiko kikunjwe kwa pembe mraba. Kukisia haraka, zidisha kimo kwa 0.68; mwenye sentimita 165 anapata kama 112. Kwa kupanda kwenye mwinuko mkali punguza sentimita 5 hadi 10, kwa kushuka ongeza kiasi hicho hicho. Mstari wa kikomo uliochorwa kwenye kila kipande usipitwe, maana kipande kinabaki na mshiko mdogo na kinavunjika hapo.

Kamba ya mkononi karibu kila mgeni anaivaa vibaya. Mkono unaingia kutoka chini kwenda juu, kisha unashuka na kushika mpini pamoja na kamba, kamba ikipita kati ya kidole gumba na cha shahada. Hivyo uzito unakaa kwenye kamba na vidole havichoki. Lakini penye mawe makubwa yenye mianya, mkono utoke kwenye kamba kabisa. Fimbo ikinaswa na mtu akianguka, kamba inavuta kidole gumba.

Zile kofia za mpira za kwenye ncha, ambazo seti inakuja nazo zimevishwa, ni za mwamba mkavu na lami. Kwenye udongo uliolowa zinateleza kama sabuni. Zivuliwe ziingie mfukoni, ncha ya chuma ifanye kazi.

Kumfundisha kuzitumia kunataka mteremko mfupi wa mita 20, mwanzoni mwa safari, kabla hajachoka. Fimbo inatangulia chini, ndipo mguu unafuata. Hofu inamtuma aegemee nyuma, na anayeegemea nyuma anateleza, kwa sababu uzito umetoka juu ya soli na kubaki kwenye ukingo wa kisigino. Mwambie pua yake ikae juu ya vidole vyake vya miguu, goti lisinyooke kabisa, hatua ziwe fupi kuliko anavyodhani zinatosha. Akiweza mita 20 hizo mara tatu bila kutazama mikono yake, ameelewa. Fimbo za seti, zenye kufuli la kuzungusha, 5 kati ya 10. Zenye klipu, 8.

Begi la lita 25 ni saizi sahihi, na hapa seti inajitetea. Kasoro yake ni mkanda wa kiunoni: ni utepe mwembamba usio na pedi. Haubebi uzito, unazuia begi kuyumba tu. Kwa mzigo usiozidi asilimia 10 ya uzito wa mtu, inatosha. Mfundishe kuvaa kwa mpangilio: legeza kamba zote, funga kiuno kwanza mkanda ukikaa juu ya mfupa wa nyonga, ndipo uvute za mabega, mwisho ile ya kifuani, si juu sana ikamkaba. Kitu kizito kikae karibu na mgongo, usawa wa katikati ya mabega. Begi linalovuta nyuma ndilo linalomfanya mgeni aketi bila kupenda kwenye mteremko.

Gamba la mvua linalovishwa begi linapeperuka na upepo, na maji yanapita mgongoni hata hivyo. Mfuko mmoja mzito wa taka ndani ya begi, kila kitu kikiwa humo, unafanya kazi kuliko gamba hilo.

Mfuko wa maji wenye mrija hatuupendi kwa mgeni. Anakunywa vizuri, kweli, lakini haoni yamebaki kiasi gani, mpaka mrija unapofyonza hewa. Chupa za lita moja zinaonekana. Hesabu ya kawaida ni nusu lita kwa saa, joto likizidi ongeza. Nusu ya maji ikiisha kabla ya theluthi mbili za kupanda, maji hayatoshi na mpango ubadilike. Kinyume chake pia kipo: mtu anayejilazimisha maji matupu lita baada ya lita bila kula chochote cha chumvi anaweza kupungukiwa chumvi mwilini, na dalili zake, kichwa na kichefuchefu, zinadanganya kuwa ni kiu.

Koti. Lebo inasema halipitishi maji, na pembeni kuna namba, mara nyingi 3,000 au 5,000. Namba hiyo ni kimo, kwa milimita, cha safu ya maji ambayo kitambaa kinahimili kabla hakijavuja. Kwa manyunyu 5,000 inatosha. Kwa mvua ya kweli chini ya mikanda ya begi, inakosukumwa na uzito, tafuta 10,000 na kuendelea. Kabla ya namba, geuza koti nje ndani uangalie mishono. Kama haina utepe uliobandikwa juu yake, itavuja pale pale sindano ilipopita. Makoti ya utando kama Gore-Tex, yaliyotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, yanaruhusu mvuke wa jasho kutoka, ila si muujiza: kitambaa cha juu kikishaacha kukusanya matone na kuanza kunywa maji, mvuke hautoki, na mtu analowa kwa ndani akilaumu mvua. Kufua vizuri na kulipasha koti moto kiasi mara nyingi kunarudisha matone.

Baadhi ya seti zinaweka joho la plastiki badala ya koti. Likatae kwa sababu ya kushuka: upepo unalijaza kama tanga, na pindo lake linamficha mtu miguu yake mwenyewe, wakati ule ule anapohitaji kuiona.

Kile ambacho seti haina kabisa ni vazi la joto. Joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kilele chetu kina nyuzi 5 pungufu kuliko chini, na hapo upepo haujahesabiwa. Mgeni anafika amelowa jasho, anakaa kupiga picha, kisha anaanza kushuka, kazi isiyozalisha joto kama kupanda. Baridi inamkamata njiani, si kileleni. Fulana kavu ya kubadilisha, sweta la sufu au la nyuzi nyepesi, kofia: vikae juu kabisa kwenye begi. Na asubuhi aanze kutembea akisikia kibaridi. Anayeanza akiwa na joto la raha anakuwa amelowa baada ya robo saa.

Taa ya kichwani mgeni anaiona ya nini, safari ni ya mchana. Pigeni hesabu pamoja. Kanuni ya William Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892, inampa mtembezi saa 1 kwa kila km 5 na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yetu: saa 2 za umbali, saa 1 na dakika 20 za kupanda, jumla saa 3 na dakika 20. Hiyo ni ya mtu mzoefu asiyepumzika. Kwa mgeni zidisha mara moja na nusu, unapata saa 5. Dakika 10 za kupumzika kila saa na dakika 40 kileleni zinaongeza saa moja na nusu. Mteremko mkali unakula dakika 10 kwa kila mita 300, karibu nusu saa. Mmefika saa 7. Mkianza saa 3 asubuhi mnarudi saa 10 jioni kama kila kitu kimekwenda sawa. Goti moja likikataa, mnashuka gizani. Anzeni saa 1 asubuhi, na saa ya kugeuka itajwe kabla ya kuondoka: saa 6 mchana, popote mlipo. Mgeni aitaje mwenyewe kwa mdomo wake, ili ikifika asikuone umemkatili.

Sasa taa yenyewe. Seti inaandika lumeni (kipimo cha mwanga) 1,000 kwenye kitu kinachotumia betri tatu ndogo. Usiamini. Betri hizo hazina nguvu ya kuwasha mwanga huo zaidi ya muda mfupi. Lumeni 150 hadi 200 za kweli zinatosha njiani. Weka betri mpya, iwashe chumbani usiku, rudi baada ya saa 4. Kama bado unaona kona ya mbali, inafaa. Betri za lithiamu zinastahimili baridi kuliko za kawaida. Taa isiyo na kufuli la kitufe inajiwasha begini, kwa hiyo geuza betri moja kinyume hadi itakapohitajika. Kukiwa na ukungu mwanga wa kichwani unarudi machoni na kuwa ukuta mweupe. Ivueni, ishikwe usawa wa kiuno. Mawe yanatupa vivuli na njia inaonekana. Tochi ya simu haichukui nafasi yake: inauchukua mkono unaotakiwa kushika fimbo, na betri ya simu ni ya ramani. Ramani ipakuliwe kabla. GPS haihitaji mtandao, simu ikae katika hali ya ndege na karibu na mwili.

Blanketi la kung'aa: jepesi, linachanika na upepo, halizuii baridi ya ardhini hata kidogo. Aliyeumia akalishwe kwanza juu ya begi, ndipo afunikwe. Blanketi lililoshonwa kama gunia la kuingia ndani linafaa mara nyingi zaidi, na tofauti ya uzito ni ndogo.

Plasta, miwani na mafuta ya jua seti inasahau. Mionzi ya jua inayounguza ngozi inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na ubaridi wa upepo unaficha kuungua.

Kwa ujumla 5 kati ya 10, na hatushauri kuinunua nzima. Viatu na soksi vinunuliwe peke yake, mgeni akiwepo, na avitembeze wiki mbili kabla. Fimbo aazime kwanza. Kwenye seti, begi ni zuri, taa itategemea jaribio la usiku, koti litategemea mishono. Kama seti imeshanunuliwa na imekaa mlangoni ikisubiri, badilisha viatu kabla ya chochote kingine, mimina maji ya mrija kwenye chupa, na uchukue fimbo ukaiegemee.

Filimbi ni nzuri kama ilivyo, hasa isiyo na kigololi ndani. Mipulizo 6 ndani ya dakika moja, dakika moja kimya, kisha tena. Anayesikia anajibu kwa mipulizo 3. Mgeni aijaribu mkiwa bado chini, halafu ifungwe kwenye mkanda wa bega, mahali mdomo unafika bila kuvua begi.